Fundo la Siku ya Kwanza

Nimeishi vya kutosha kumwona bosi akilia, mwizi akiombewa dua na wale wale aliowaibia, na mashine ikipelekwa gereji kwa kosa la mtu. Lakini sikuwahi kuona mikono ya mtu ikimsaliti mwenyewe, kweupe, mbele ya kadamnasi, watu wakiwa na biskuti za kampuni mdomoni. Mpaka siku ile. Hata sasa nikisimulia nywele zinanisimama, na nywele zenyewe zimebaki za kuhesabika.

Mimi ni mtu wa boila kwenye kiwanda cha udobi. Shuka za hospitali na za hoteli zinakuja chafu, zinatoka nyeupe, na katikati yake kuna jasho letu. Kazi yangu ni kuchochea moto ili mvuke upite kwenye mabomba. Bosi husema nachochea na watu pia. Hajakosea. Shule niliiacha mlangoni, lakini sheria ya kazi nimeisoma mpaka jalada likachanika. Na sisahau. Mtu akisema neno mbele yangu, ajue ameliweka benki.

Ndiyo maana nakumbuka, neno kwa neno, alichosema bosi siku alipomfukuza mpwa wangu.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa kwenye pasi kubwa. Usidhani ni ile pasi ya nyumbani. Hii ni silinda ndefu, nene kama pipa, inayozunguka juu ya chuma cha moto. Unaingiza shuka bichi upande huu, linatokea upande wa pili limenyooka kama karatasi. Chini pana pedali. Ukikanyaga, silinda inazunguka. Ukiinua mguu, inasimama. Walioiunda hawakuwa wajinga. Mtu akishtuka, mguu huruka wenyewe, na mashine inanyamaza kabla haijamla.

Lakini kukanyaga zamu nzima mguu unakufa ganzi, na kila ukiuinua shuka zinapungua, na shuka zikipungua kuna mtu atapiga kelele. Kwa hiyo kwetu kuna fundo. Kipande cha shuka kuukuu kinasokotwa, kinapitishwa juu ya pedali na chini ya chuma cha mashine, kinafungwa. Pedali inabaki chini, silinda inazunguka bila kumuuliza mtu. Wakaguzi wakija, vitambaa vinaingia mifukoni. Wakivuka geti, vinarudi mahali pake.

Shuka moja likajikunja. Mpwa wangu akapeleka mkono kulinyoosha, na silinda ikaushika. Mguu wake uliruka, kama walioiunda mashine walivyotaka. Uliruka bure.

Mkono wa kulia umepona, ikiwa kupona ni ngozi kurudi. Vidole vimegandana kama ngumi isiyofunguka. Alipotoka hospitali aliitwa kazini, akadhani anaitwa kupewa pole. Bosi akapanda juu ya kreti ya sabuni, zamu nzima ikiwa imesimama, akasema: "Hakuna aliyemfundisha upuuzi huu. Ni wake mwenyewe. Kuanzia leo si mwenzetu."

Msimamizi alikuwa kando ya kreti. Tunamwita Haraka, kwa sababu ndilo neno lake la salamu na ndilo lake la kwaheri. Mpwa wangu akamgeukia, bendeji mpaka kwenye kiwiko. "Si wewe uliyenifundisha, kaka? Siku yangu ya kwanza. Ulifunga, ukakaza kwa meno."

"Mimi?" Haraka akasema. "Fundo hilo silijui. Nikilijua, nife."

Wenzetu wakaangalia sakafu. Nani angesema? Kila mmoja alikuwa na kitambaa chake kwenye aproni, na ukisema "hata mimi," wewe ndiye unayefuata. Nikapiga kelele peke yangu, na kelele za mtu mmoja kiwandani ni kama mvuke: unauona, halafu haupo.

Kilichomuuma mpwa wangu zaidi hakikuwa kazi. Kilimsubiri nyumbani. Dada yangu ni mama mwenye huruma, anamkatia binti yake nyama, anamfunga vifungo vya gauni. Lakini kila anapomfunga anauliza, polepole, kama anayejiuliza mwenyewe: "Lakini ulilifunga kwa nini, mwanangu?"

"Sitaki wanionee huruma, Mjomba," aliniambia siku moja tukiwa kibarazani. "Nataka mtu mmoja tu, kati ya wote wale, aseme: alifundishwa. Neno moja. Mama alisikie."

Neno moja. Nikaondoka nalo.

Baada ya ajali, wakubwa wa juu wakaagiza tufanyiwe mafunzo ya usalama. Mafunzo tunayajua. Chumba kinatiwa giza, projekta inaonyesha wazungu wenye kofia ngumu wanaoichekea mashine ambayo hatujawahi kuiona, na sauti inasoma mpaka inachoka. Mama Mikunjo, mkubwa wa meza ya kukunja, husema mafunzo yale yalimpa ujuzi mmoja, wa kulala macho wazi.

Safari hii wakamleta mkufunzi mwanamke, kijana kidogo, raba miguuni. Hakutaka projekta. Alikaa nasi humu ndani siku kadhaa kabla ya mafunzo, akasukuma vigari, akabeba mabunda, jasho likamchuruzika na wanja ukaondoka. Anauliza, anacheka, anauliza tena. Nikawaambia wenzangu: "Huyu ni asali, na mjue asali huwekwa mtegoni. Siku ya mafunzo kaeni kama mawe."

Akanifuata mpaka boila.

"Wewe ndiye Mchochezi?"

"Inategemea anayeuliza."

"Natengeneza mafunzo ambayo watu hawatalala."

"Basi ondoa viti."

Akacheka. "Kingine?"

"Kingine, usituletee michezo ya chekechea. Huku watu wanaacha vidole."

Kicheko kikakatika. Akakaa juu ya ndoo, joto lote lile, akasema, "Nieleze habari za huyo dada aliyeumia."

Nikamweleza ajali. Fundo sikulitaja. Analipwa na bosi, na mimi sikuzaliwa jana. Nikamwambia tu, "Akikupenda atakueleza mwenyewe." Akaenda kwake. Mpwa wangu naye hakusema kitu, alikwishachoka kuitwa mwongo. Lakini mkufunzi alimwalika aje siku ya mafunzo, na alikubali. Sikujua kwa nini. Nadhani hata yeye hakujua.

Siku ikafika. Mashine zote zimezimwa isipokuwa boila langu, maana boila halizimwi hivi hivi kama taa. Hakuna viti. Tulisimama duara tukiizunguka ile pasi kubwa ya pembeni, ile ile iliyomla mkono mpwa wangu, baridi, imekatwa umeme ukutani. Soda zipo, biskuti zipo. Bosi peke yake amepewa kiti, suruali imenyooka kwa pasi zetu. Mpwa wangu alisimama mlangoni, mkono ndani ya mtandio. Bosi alipomwona akakunja uso.

"Ni mgeni wangu," mkufunzi akasema, na kabla hajajibiwa akaingia katikati ya duara, ameinua chupa ya chai, kubwa, nyekundu, yenye maua. Chupa ya maana. Ile ambayo mtu akiwa nayo nyumbani wageni wanakaa zaidi.

"Sikilizeni," akasema. "Sina la kuwafundisha. Mimi ni mgeni hapa, leo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini, sijui hata shuka linashikwa wapi. Nifundisheni nyinyi, kama mlivyofundishwa. Atakayenifundisha vizuri kuliko wote, chupa ni yake. Mtachagua kwa makofi."

Nikayatazama mawe yangu. Mawe yalikuwa yanaitazama chupa.

Akaanza msukuma vigari, kijana mwenye mabega. Akampa mkufunzi kigari, mkufunzi akakisukuma taratibu. "Dada, usikisukume kama unamsindikiza mkwe! Tia nguvu!" Kicheko. Mama Mikunjo akampokonya. "Njoo kwangu, mwanangu, achana na hao. Shuka ni kama mume. Shika pembe, vuta, usimwonyeshe hofu, litakufuata lenyewe." Kicheko kikapasua bati. Mkufunzi akakunja, Mama Mikunjo akalikunjua. "Hapana. Hilo halijakunjwa, hilo limeanguka." Hata mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Hata mpwa wangu nilimwona akiuma mdomo kuzuia.

Bosi akachangamka. "Haraka! Wewe ndiye msimamizi! Onyesha watu kazi!"

Sasa niseme la haki. Haraka anajua kufundisha. Ana sauti ya kaka mkubwa akiwa na mgeni, ile ya haraka-haraka anaiweka kando. Na anapenda kushinda. Akajipangusa mikono, akamsogeza mkufunzi mbele ya pasi kubwa.

"Njoo, mwanangu, usiogope. Haina macho lakini haina ubaya. Shika pindo hivi. Vidole nje, usivitangulize. Mwenzako anashika upande wa pili, mnakwenda pamoja kama mnaotandika kitanda. Eeh! Hivyo hivyo! Unaona? Kumbe unajua."

Watu wakapiga makofi. Mkufunzi akaweka mguu kwenye pedali, akaukandamiza, akajifanya anaingiza shuka la pili, na la tatu. Haraka akatazama chini. Akauona ule mguu.

"Ah-ah. Mguu huo utakuuma kabla ya mchana. Ngoja."

Mkono wake ukaingia mfuko wa nyuma. Ukatoka na kitambaa.

Akapiga goti. Kitambaa kikapita juu ya pedali, kikapita chini ya chuma, kikazunguka, yote kwa muda wa kupiga chafya. Akainama zaidi, akashika ncha moja kwa meno, akavuta kichwa nyuma. Fundo likakaza.

Akasimama, anang'aa. "Haya. Mguu huru, mikono huru. Sasa wewe ni dobi."

Soda ilikuwa mdomoni mwangu, haishuki wala haitoki. Nikamwangalia Mama Mikunjo, ameshika kifua. Nikamwangalia msukuma vigari. Biskuti imevunjika mkononi, vipande vinamdondoka. Nilikuwa nimelililia fundo lile kwa sauti, nimelipigia kelele, nimelitukania watu, na sasa lilikuwa pale, mbele ya wote, jipya, bado lina mate. Na aliyelifunga alikuwa anangoja makofi.

Makofi yakaja. Ya mtu mmoja tu.

"Safi sana!" Bosi alikuwa amesimama, anapiga viganja. "Huyo! Huyo ndiye mwalimu! Hakuna haja ya kuchagua!" Akaichukua chupa mwenyewe, akampa Haraka, akampiga mgongoni.

Hakujua alichokiona; fundo alilisoma kwenye ripoti tu. Miaka yote anakaa ofisini kwake juu ya ngazi, anazitazama mashine kupitia kioo, anatufokea shuka zimepungua, na hajui pedali ni ya nini. Mpaka leo sijui kipi kilinipiga zaidi, lile fundo au makofi yale.

Mkufunzi peke yake hakusogea. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama. Akaondoa mguu. Pedali ikabaki chini. Akaigusa kwa ncha ya raba. Haikupanda. Nikaona rangi ikimtoka usoni, na ndipo nilipojua kuwa hakuwa anajua kitu.

"Sasa," akauliza, sauti nyembamba, "nikitaka isimame?"

Haraka, chupa kwapani, kicheko hakijamtoka: "Isimame ya nini? Shuka zikiisha itasimama."

Halafu akajisikia.

Nilimwona akijisikia. Maneno yake yalitoka, yakazunguka duara, yakamrudia masikioni. Kicheko kikabaki usoni bila mwenyewe. Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kwenye mdomo wa chini uzi mweupe wa kile kitambaa ulikuwa umemganda, unatikisika akipumua.

Mpwa wangu akaanza kutembea. Duara likampisha. Akafika kwenye pasi, akapiga goti pale pale alipopiga Haraka. Akajaribu kulifungua kwa mkono wa kushoto. Fundo lile halifunguki kwa mkono mmoja. Akainama, akalishika kwa meno, akalivuta.

Pedali ikaruka. Ta! Zamu nzima ikashtuka, mtu mmoja akapiga ukunga.

"Hiki ni nini?" Bosi akauliza. Bado hajaelewa.

Mpwa wangu akasimama, kitambaa kinaning'inia mkononi. "Ni upuuzi, bosi. Ule ambao hakuna aliyenifundisha."

Mabomba yangu yalikuwa yanakoroma. Bosi akamtazama yeye, akaitazama pedali, akautazama mkono uliomo kwenye mtandio. Maana ikamshukia taratibu, kama maji yanavyolowesha ukuta. "Haraka," akasema. "Wewe…"

"Nilimfundisha mimi." Haraka hakungoja. Chupa alikuwa ameikumbatia kama mtoto. "Alifundishwa. Siku yake ya kwanza, hapa hapa. Na mimi nilifundishwa na aliyenitangulia, akaniambia ndiyo siri ya kumaliza zamu. Nilidhani namsaidia." Akamgeukia mpwa wangu. "Dada, niliapa nife."

"Hujafa, kaka," mpwa wangu akasema. "Rudia."

"Alifundishwa."

Hilo ndilo neno. Nililingoja kama mgonjwa anavyongoja asubuhi, na lilipokuja sikupata furaha niliyoitarajia. Mpwa wangu alifumba macho tu.

Ndipo bosi akafanya jambo ambalo sikulitegemea hata kwake. Akatazama huku na huku, akaiona kreti ya sabuni, akaivuta, akapanda juu. Akajinyoosha suruali.

"Wote mmesikia," akasema. "Chanzo kimejulikana. Ni huyu. Hakuna aliyemfundisha upuuzi huu. Ni wake mwenyewe. Kuanzia leo si mwenzetu."

Mimi ninayesikiliza maneno kwa kazi, nilihisi ardhi imesogea. Yalikuwa yale yale! Hakubadilisha hata moja. Kreti ile ile, sauti ile ile, amebadilisha mtu tu. Nikafungua mdomo nipige kelele zangu za siku zote.

Nikatanguliwa.

"Alifundishwa."

Aliyesema ni mpwa wangu. Hakupaza sauti. Alikuwa amesimama kando ya Haraka, yule aliyeapa, yule aliyemwacha aitwe mwongo mbele ya watu wote hawa, na anamtazama bosi.

"Unasemaje?"

"Nasema alifundishwa, bosi. Umemsikia. Hakulizaa hilo fundo."

Haraka aliinua uso, na sijawahi kuona uso wa namna ile kwa mtu mzima. Kama mtu aliyejikinga akingoja kofi, akapewa maji.

Bosi akapiga mguu juu ya kreti. "Mafunzo yamekwisha! Kila mtu kwenye mashine yake!"

Hakuna aliyetikisika. Mama Mikunjo, mikono kiunoni: "Hatujahitimu, bosi."

"Nini?"

"Hatujahitimu. Wengine hatujaonyesha tulichofundishwa." Akatia mkono kwenye aproni. Akatoa kitambaa, kimesokotwa, cheusi kwa mikono, cha enzi zile naye alipokuwa kwenye pasi. Akakitupa miguuni pa kreti. Mwanamke wa pasi ya katikati akatupa chake. Wa pembeni akatupa chake. Vikaanguka kimoja kimoja, vingine vipya, vingine vimechakaa mpaka vimekuwa kamba, na kila anayetupa anasema lile neno. Alifundishwa. Nilifundishwa. Nilifundishwa na mimi.

"Wote?" Bosi akauliza. Na nitalisema, uso wake haukuwa wa ukali tena. Ulikuwa wa mtu aliyefungua kabati lake la nguo akakuta nyoka wamelala humo siku zote.

"Wote," Mama Mikunjo akasema. "Sisi ni wanafunzi wazuri, bosi. Na aliyetaka shuka nyingi kuliko miguu yetu ni nani?"

Bosi akasema kitu. Midomo ilitikisika, mabomba yakakoroma juu yake.

"Mjomba," mpwa wangu akaniita bila kugeuka. "Punguza mvuke. Hatumsikii."

Nikaenda. Nikaifunga vali ya kwanza, nikaifunga ya pili, na mabomba yakanyamaza moja baada ya jingine, mpaka kiwanda kizima kikawa na kimya ambacho sikuwahi kukisikia mchana. Niliporudi bosi alikuwa bado juu ya kreti. Vitambaa vilikuwa vimeizunguka pande zote, hana pa kukanyaga ashuke.

"Rudia, bosi," mpwa wangu akasema.

"Alifundishwa," akasema. "Walifundishwa. Na mimi… sikuuliza."

Mkufunzi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye pasi, machozi yanamtiririka juu ya kile kilichobaki cha wanja. Nilimuuliza baadaye kama alijua. Akatikisa kichwa. "Nilitaka tu kujua mnafundishana nini. Mimi naweza kubuni mafunzo mazuri kiasi chochote, lakini humu yalikuwapo mengine kabla yangu, na yale ndiyo watu hawakuyalalia."

Mvuke sikuufungua siku ile. Niliufungua bosi aliposhuka ngazi asubuhi iliyofuata, amebeba aproni ya mpwa wangu mkononi kumrudisha kazini, na nyuma yake Haraka, ambaye hakufukuzwa, na ambaye tangu hapo hakumfundisha mgeni kitu bila mpwa wangu kusimama pembeni. Shuka zilipungua. Kelele zilipigwa. Tukazijibu.

Ile jioni ya mafunzo nilimsindikiza nyumbani. Dada yangu alikuwa anasubiri na sahani, amekwishakata nyama. Mpwa wangu aliisogeza sahani kando. Alitoa kile kitambaa, akakiweka mezani.

Dada yangu alikiinamia. "Ndicho hiki?"

"Ndicho, Dada," nikasema. "Na aliyemfundisha amesema. Mbele ya watu wote."

Akakigusa kwa kidole kimoja, akauondoa mkono kama ameungua. Akafungua mdomo. Nilijua swali lililokuwa linakuja, nilikwishalizoea. Halikuja. Akapiga goti mbele ya binti yake, dada yangu mzee, magoti mabovu, akaushika ule mkono usiofunguka kwa mikono yake miwili, na akabaki hivyo.